Naomba ushauri: kibanda cha kulala juu ya kirikuu

Ndugu wanachama, salamu kutoka Lindi. Nina kirikuu, Suzuki Carry yenye uwezo wa kubeba kilo 350, nami nataka kuifungia kibanda cha kulala watu wawili kwa safari za Newala na Masasi msimu wa korosho. Fundi wa kuchomelea amekadiria kilo 210 kwa chuma na plaiwudi, kabla ya godoro, jiko na maji lita 60, ambayo peke yake ni kilo 60.

Nilijaribu kupakia mifuko mitano ya saruji. Springi za nyuma zikakaribia kunyooka na usukani ukawa mwepesi isivyo kawaida. Fundi anashauri tuongeze springi, ingawa nijuavyo breki na ekseli zitabaki zilezile.

Je, turubai juu ya fremu ya alumini litahimili mvua za masika? Na maji niyaweke wapi ili uzito usielemee nyuma?