Wafanyakazi hawataki kupimwa afya kazini, shida ni nini?

Mchapakazi_Dar: Wakuu habari za jioni. Niko kwenye kamati ya afya na usalama kiwandani kwetu. Kampuni inaleta wauguzi wanapima presha, sukari na macho bure, jumamosi asubuhi kuna jogingi na mwalimu analipwa, lakini watu hawaji, wanaokuja ni wa ofisini tu, wale wa zamu ya usiku ambao ndo naona wanahitaji zaidi huwaoni kabisa. Menejimenti wanasema watu hawajali afya zao na wanataka kufuta bajeti yote. Mimi hilo sikubali. Huko kwenu ikoje?

binti_tanga: Mkuu watu wanaogopa majibu yatafika HR, yaani ofisi ya rasilimali watu. Kwetu meza ya kupimia iliwekwa nje ya ofisi ya HR na karatasi za majibu akawa anakusanya dada wa mapokezi, baadae dereva mmoja mkataba wake haukuongezwa, inawezekana haikuhusiana na sukari yake hata kidogo ila nani atamshawishi dereva mwingine aende tena? Hao wa usiku wana mikataba ya aina gani? Kama ni ya miezi mitatu mitatu hawatakuja.

Fundi Mitambo: Naunga mkono hapo juu. Sheria ya ukimwi ya 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo cha ukimwi na ile ya taarifa binafsi ya 2022 imeweka habari za afya kwenye taarifa nyeti, sema huku chini hakuna aliyeambiwa. Halafu tenganisheni na vipimo vya OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini), vile vya kuanza kazi, vya kila baada ya muda na vya kuondoka, vile ni sheria ya 2003, vinaangalia kama kazi imekudhuru mfano masikio kwa anayeshinda kwenye kelele. Watu wanachanganya, wanaona ni mtego mmoja. Na jogingi ya asubuhi mtu katoka zamu usiku kucha atakimbiaje jamani, huyo mpeni usafiri na chakula cha maana usiku.

Mama J: Mimi naongea kama mfanyakazi. Nikiulizwa nachagua nini nitasema bima inayomchukua mama yangu. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, tunakatwa asilimia 3 ya mshahara mwajiri anaweka 3, na kwenye wategemezi unaweza kumuweka mzazi. Kampuni zikihamia bima za binafsi mara nyingi wanabaki mwenza na watoto, mzazi unamlipia mfukoni. Jingine ni ruhusa ya ugonjwa. Sheria inatoa siku 126 kwa mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zingine nusu, ila ukipeleka cheti cha daktari supavaiza anakunja sura wiki nzima. Mtu anayekunjiwa sura akiumwa hawezi kuamini kwamba mnampima kwa kumpenda.

Mchapakazi_Dar: Asanteni sana, kikao ni jumatatu naenda na hili la nani anashika majibu, nataka wauguzi waondoke nayo na kila mtu apewe yake mkononi. Mama J, huko kwenu mzazi akiongezwa kwenye bima ya binafsi kampuni inachangia au ni makato yako yote?

Mama J: Tuligawana nusu kwa nusu, lakini ilibidi chama cha wafanyakazi kiingie, HR peke yao walikataa.