Fulana, bilauri au leso: kipi kinawafaa mashabiki wa podikasti ya dadu?

MwenyeMeza
Assalaam aleikum wakuu. Wasikilizaji wa podikasti ya michezo ya kuigiza mezani hapa Mombasa wanataka vitu 40 vya mzaha. Maneno ni yale ya msimamizi wa mchezo, "Una hakika?", na chini yake dadu ya pande 20 imetua ikionyesha moja, yaani matokeo mabaya kabisa. Nichape fulana kwa DTF (mchoro kwenye filamu yenye unga wa gundi, kisha unabanwa kwa joto), vikombe kwa sablimesheni (wino unaogeuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye utando), au leso?

Pande20
Kabla ya bei, tazama dadu yenyewe. Kwenye dadu ya kawaida, uso wa 1 hupakana na 7, 13 na 19, na nyuso zinazokabiliana hujumlika 21. Kwa hiyo 1 ikiwa mbele, 20 iko nyuma na haionekani. Mashabiki hawa watahesabu, wallahi, na fulana ya kuchekesha itachekwa yenyewe.

FilamuNaUnga
Kwa vipande 40, mimi nachagua fulana ya DTF. Roli ya filamu ya sm 60 hubeba michoro miwili ya upana wa sm 28 ubavu kwa ubavu. Kila mmoja ukiwa na urefu wa sm 35, na sm 1 ya kukatia, mita 7.2 zatosha. Fulana iwe pamba tupu ya gramu 180 kwa mita ya mraba. Ibane sekunde 5 ikiwa tupu kutoa unyevu, kisha bana mchoro kwa nyuzi 155, sekunde 15. Kama filamu ni ya kubandua baridi, ngoja ipoe kabisa, bandua polepole, halafu funika kwa karatasi ya kuokea na ubane tena sekunde 5.

Ila usijaze dadu rangi nzima! Bamba la DTF halipitishi hewa, na kwa joto letu kifua kitatota jasho. Chora mistari tu, isiyopungua milimita 1, maana mistari myembamba haipati unga wa gundi wa kutosha na ndiyo huanza kubanduka. Ukiona vumbi jeupe pembezoni mwa mchoro, mara nyingi unga ulinyonya unyevu dukani. Usipokee.

ChaiYaRangi
Kikombe kina mzaha bora. Chora mistari ya alama za uhai wa mhusika mchezoni: 20 juu, 10 katikati, 1 chini. Kila funda, uhai unashuka.

Pande20
Kikombe cha kauri hakionyeshi chai, bwana.

ChaiYaRangi
Haya, bilauri basi, lakini iliyopakwa utando wa sablimesheni. Ya sokoni haishiki wino. Maandishi yageuzwe kushoto kulia. Nyuzi 180 kwa takriban dakika 3, ila fuata kipimo cha muuzaji kwa kuwa unene wa kioo hutofautiana. Karatasi iliyolala wazi usiku kucha hunyonya unyevu wa pwani, ikipata joto hutoa mvuke na kuacha madoa. Ikaushe kwanza. Yenye mkono, acha sm 1.5 kila upande, maana hapo kibano hakigusi vizuri na rangi hufifia.

MwenyeMeza
Na nembo ya podikasti?

Fremu43T
Ombeni ruhusa kwa maandishi. Nembo ya Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, vilevile iacheni: tangu Januari 2023 hati ya kanuni, SRD 5.1, iko chini ya leseni ya CC BY 4.0 (itumie mradi utaje chanzo), lakini leseni hiyo haitoi nembo.

Kuhusu leso, ile yenye pindo na mji wake ni kazi ya kiwanda, na kiwanda hakishughuliki na 40. Nunueni pamba nyeupe, mkate sm 150 kwa 110, mfue mtoe wanga, la sivyo wino hautashika. Fremu moja ya kuchapia jina, yaani maneno ya leso, wavu 43T (nyuzi 43 za kitambaa kwa kila sm), wino wa maji. Zimeni feni wakati wa kuchapa, upepo hukausha wino ndani ya wavu na herufi zinaziba. Ikikauka, pigeni pasi moto kwa nyuma dakika 3.

Halafu "Una hakika?" si jina la leso. Andikeni "Dadu yangu yakuhusuni?"