Je, manukato ya Burren hukamuliwa kutoka kwenye maua ya pale?

Swali: Habari zenu. Ningependa kumpelekea mama mkwe wangu aliyeko Tanga manukato na mshumaa wa Burren Perfumery, karakana iliyopo Carron, Kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi. Je, harufu zake hutoka kwenye maua ya hapo?

Jibu la 1: Ndugu, usitarajie hivyo. Burren ni nyanda za mawe ya chokaa ambako mimea ya Aktiki, ya milima ya Alps na ya Mediterania huota pamoja ndani ya nyufa, na kwa kuwa mafuta kidogo tu hudai maua mengi mno, kuyakamua kungeyamaliza. Fundi wa manukato ya namna hii huchanganya mafuta mbalimbali mpaka apate harufu inayokumbusha mahali, na kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe.

Jibu la 2: Kuhusu mshumaa, mama auache uwake mara ya kwanza hadi nta iyeyuke kufika ukingoni, la sivyo utachimbika katikati, tena utambi ukatwe ubaki kama milimita 5, usije ukatoa masizi. Aliyezoea udi atauona mpole.

Muulizaji: Nawashukuru. Nitachukua mshumaa tu, kwani mama habadilishi marashi yake ya waridi.