Tuliowahi kwenda kuangalia mashindano ya gofu ya mapro, tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Niko hapa Nyegezi, na toka nimeenda Nairobi 2023 kuangalia Kenya Open pale Muthaiga sijawahi kuacha kuiwaza. Wa kanda ya ziwa mliowahi kwenda njooni tusimuliane, maana mtaani ukisema umekesha kwenye basi kupitia Sirari kisa gofu watu wanakushangaa.

Naanza mimi. Nimezoea kelele za CCM Kirumba, kwahiyo kilichonishika ni ukimya. Marsho (msimamizi wa watazamaji) akinyanyua mikono watu wote kwenye kamba kimya, hakuna wa kukohoa, unasikia tu paa! mpira ushaenda. Siku mbili za kwanza nilikosea, nilikuwa nakimbia huku na kule nione kila staa, naishia kuona migongo. Jumamosi mzee mmoja aliyewahi kuwa kedi (anayembebea mchezaji begi la fimbo) akaniambia kijana chagua kundi moja tembea nalo mashimo yote 18, ndo utajua mtu anaharibu wapi na anajirudi vipi. Kombe alibeba Jorge Campillo wa Hispania lakini mimi namkumbuka pro mmoja wa kundi langu, alikosa puti (pigo la kusukumia mpira shimoni) fupi kabisa akabaki ameinama, kedi wake akaja akamshika bega hajasema kitu wakatembea.

*Mdau wa Igoma:* Wabeja kaka kwa uzi. Mimi nilienda Uganda Open ikiwa Kigo, nikapanda MV Victoria usiku mpaka Bukoba, asubuhi Mutukula, jioni niko Kampala. Uwanja uko pembeni ya ziwa letu hilihili, upepo ukibadilika unaona mapro wanarudisha fimbo kwenye begi wanachukua nyingine. Mimi siwezi kutembea sana miguu inanisumbua, nilikaa kwenye shimo fupi la par 3 (la kumaliza kwa mapigo matatu), kila kundi linakuja kwangu, naona mpira unatoka kwenye tii (pa kuanzia) mpaka unatua grini (kwenye majani mafupi yenye shimo). Kwa mwenye mtoto au mzazi mtu mzima kaeni hapo.

*Mdau wa Musoma:* Dada umesema kweli. Nyongeza, Kenya Open nendeni Jumatano kabla haijaanza, mapro wanacheza na waalikwa, wametulia, unasogea mpaka wanapofanyia mazoezi. Simu kimya, viatu vya chini, kofia.

*Mdau wa Bukoba:* Wengi wanasifia Jumapili ya kombe, kwangu mimi siku yenyewe Kenya Open ni Ijumaa. Baada ya mashimo 36 wanabaki 65 wa juu na waliofungana nao, wengine wanarudi kwao bila hela. Nilimfuata pro mmoja kijana wa Kenya, nyuma yake ndugu, marafiki na makedi wenzake wa zamani, alikuwa anahitaji bedi (pigo moja pungufu ya par) shimo la mwisho ili abaki. Mpira ukazunguka mdomo wa shimo ukatoka. Watu wake wakampigia makofi mpaka akaingia ndani, na mimi nisiyemjua nikapiga nao.