Malalamiko: Tunauziwa lenzi za ful fremu kwa jina la "lenzi pana" huku kamera zetu ni za sensa ndogo

Ndugu wanajukwaa, amani iwe kwenu nyote. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira. Nimengoja siku nne nzima nikitaraji itulie kabla sijaandika, lakini kila nikilitazama boksi lililo juu ya meza yangu inapanda upya.

Mimi ni mpiga picha wa hapa Unguja. Kazi yangu kubwa, ukiondoa harusi za msimu, ni kupiga picha vyumba vya nyumba za wageni Mji Mkongwe ili wenye nyumba wapate za kuweka katika matangazo yao. Anayezijua nyumba zile ataielewa taabu yangu mara moja. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo vyumba vingi ni virefu lakini upana wake ni mita tatu au pungufu, na humo humo kimepangwa kitanda cha samadari, kabati, kioo na kiti, nawe unatakiwa uvionyeshe vyote katika picha moja. Huwa ninajibana ukutani mpaka kisogo kinatoka na chokaa, na bado mguu mmoja wa kitanda hubaki nje ya picha.

Kamera yangu ni Canon 700D pamoja na lenzi yake ya 18-55 (namba hizi ni milimita za lenzi; kadiri zinavyokuwa ndogo ndivyo inavyochukua eneo pana zaidi). Mwezi uliopita nilivuka kwenda Dar es Salaam, nikaingia katika duka moja la Kariakoo na kumweleza muuzaji haja yangu bila kuficha neno: kwamba nina 700D, kwamba napiga vyumba vyembamba, na kwamba nataka lenzi itakayochukua eneo kubwa zaidi ya ile 18. Kamera yenyewe nilikuwa nayo, na aliishika kwa mikono yake. Akanitolea 17-40 yenye pete nyekundu, iliyotumika lakini safi kabisa, akaniambia, "Kaka, hii ndiyo lenzi pana wanayotumia wakubwa." Nikailipia shilingi milioni moja na laki mbili. Mtaniuliza kwa nini sikuijaribu. Niliijaribu, tena palepale mlangoni, nikiielekeza barabarani; na nani asiyejua kwamba barabarani hakuna ukuta wa kukubana, hata lenzi ya 50 ingeonekana pana?

Niliporudi nyumbani nilifunga kamera juu ya stendi, mita mbili na nusu kutoka ukutani, nikaibandika futi ya fundi ukutani kwa ulalo, kisha nikapiga kwa lenzi ya zamani na kwa lenzi mpya. Ile 18-55 niliyokuwa nikiidharau ilichukua ukuta wa mita 3.10. Ile yenye pete nyekundu ilichukua mita 3.28. Tofauti yake ni sentimita 18, yaani haifiki hata shibiri moja. Kwa milioni moja na laki mbili nimenunua ukuta usiotosha kutundika fremu ya picha ya bibi yangu.

Hapa ndipo penye hoja yangu, na ninaomba isomwe taratibu na wale wanaouza na wale wanaoshauri wenzao. Lenzi ile si mbovu. Tatizo ni sensa ya kamera, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga wa picha (siyo ile ya watu na makazi). Sensa ya ful fremu, yaani ya zile kamera zenye sensa kubwa, ina milimita 36 kwa 24, wakati ya 700D ina milimita 22.3 kwa 14.9 tu. Lenzi inaleta picha yake yote kama ilivyotengenezwa, lakini sensa yetu inaokota sehemu ya katikati na kuziacha kando zimwagike nje, sawa na kutandika mkeka mdogo chini ya mwembe na kungoja maembe yote yaangukie humo. Ndiyo maana, ili kulinganisha na ful fremu, kwa Canon tunazidisha milimita kwa 1.6, na kwa Nikon, Sony na Fujifilm za aina hii tunazidisha kwa 1.5. Ile 17 yangu ikiwa juu ya ful fremu ingechukua ukuta wa mita 5.3 kutoka palepale nilipoisimamisha. Juu ya kamera yangu inafanya kazi kama lenzi ya 27. Nilichouziwa ni jina la upana, na upana wenyewe ukabaki dukani.

Kuna upotoshaji mwingine ambao nimeusikia kwa masikio yangu, na humu jukwaani nimeusoma zaidi ya mara moja, kwamba lenzi zilizoandikwa EF-S "zimeshapigiwa hesabu", kwa hiyo 18 ya EF-S ni 18 kweli na haihitaji kuzidishwa. Si kweli hata kidogo. Milimita ni kipimo cha lenzi yenyewe, hakibadiliki kwa kuangalia imefungwa kwenye kamera gani. Herufi ile inaeleza tu kwamba lenzi imetengenezwa kuangaza sensa ndogo na kwamba haiwezi kufungwa kwenye Canon za ful fremu zenye kioo ndani (DSLR). Kumi na nane ya EF-S na kumi na nane ya lenzi kubwa zikiwa juu ya 700D zitachukua ukuta uleule.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ya tatizo langu ipo, na ipo siku nyingi. Mwaka 2004 Canon walitoa EF-S 10-22 mahsusi kwa kamera zenye sensa ndogo, na mwaka 2014 wakatoa EF-S 10-18, lenzi ya plastiki yenye uzito wa gramu 240, ambayo ilipoingia sokoni Marekani bei yake ilikuwa dola 299. Lenzi hiyo ikifunguliwa hadi 10, pembe yake ni nyuzi 107, na umbali uleule wa mita mbili na nusu ungenipa ukuta wa mita 5 na nusu na ushei. Chumba kizima kingeingia, na kisogo changu kingepona. Sigma nao walikuwa na 10-20 tangu mwaka 2005, na Tokina 11-16 yenye f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi huingia) tangu mwaka 2008, ambayo kwa harusi za usiku ningeichagua mbele ya zote kwa sababu ile 10-18 huanzia f/4.5, na ukumbini hilo ni giza. Kwa vyumba, ambako kamera imekaa juu ya stendi na kitanda hakitikisiki, f/4.5 inatosha na kusaza.

Basi kwa nini muuzaji hakuitaja? Nilimpigia simu. Alikuwa na jibu, na ni jibu ambalo nina hakika wengi wenu mmewahi kupewa: "Zile za EF-S ukihamia ful fremu hutazitumia, nimekuangalilia mbele." Nimekuwa na 700D hii kwa miaka sita. Sijahama, na sina mpango wa kuhama mwaka huu wala ujao, kwa kuwa ada ya watoto haingoji ful fremu. Mtu anakuja na shida ya leo, unamuuzia suluhisho la kamera asiyokuwa nayo, kisha unaiita hiyo huruma! Nilipoomba nimrudishie lenzi anipe fedha zangu, au angalau abadilishe kwa 10-18 hata abaki na chenji, alinisomea maandishi ya kwenye risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Na humu jukwaani nako hatujitendei haki. Nilipouliza mwaka jana kuhusu vyumba vyembamba nilipata majibu ya aina mbili tu. Wa kwanza waliniambia niuze kamera ninunue ful fremu, kana kwamba ninaokota fedha ufukweni. Wa pili walinielekeza kwenye kile kioo cha kukaza mbele ya lenzi, chenye maandishi 0.45x, ambacho huuzwa pamoja na vitambaa vya kufutia. Nilikinunua, ninakiri. Kinafunga vizuri kwenye uzi wa milimita 58 wa ile 18-55, na katikati picha si mbaya, lakini pembeni kila kitu kinayeyuka, nakshi za samadari zinakuwa ukungu na kona nne zinageuka nyeusi. Mwenye nyumba mmoja aliniuliza kama chumba chake kiliwaka moto.

Wenzangu wenye Nikon nao wasijione wako salama. Lenzi ya AF-P DX 10-20 ya mwaka 2017 ni nyepesi na ni nzuri kwa kazi hii, lakini kamera za zamani kama D90 haziwezi kuiendesha fokasi yake, na duka litakuuzia bila kukuuliza una kamera gani. Tokina 11-16 ya toleo la kwanza haina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo wenye D3000 na D5000, ambazo nazo hazina mota hiyo, watabaki wakizungusha fokasi kwa mkono.

Ninachodai si kikubwa. Muuzaji aulize kwanza ni kamera gani, kisha aseme lenzi itachukua upana gani juu ya kamera hiyo. Hesabu yake ni ya darasa la tano: upana wa sensa ugawanye kwa milimita za lenzi, kisha zidisha kwa umbali. Asiyetaka kupiga hesabu aiweke lenzi kwenye kamera ya mteja, amwingize stoo ya nyuma ya duka, ambako kuta zimebana, aache aone mwenyewe.

Lenzi ninayo bado, imo ndani ya boksi lake, vioo ni safi na pete nyekundu haijachubuka. Kama yupo mwenye 6D au ful fremu nyingine ya Canon inayofunga lenzi za EF kama hii, kwake itakuwa pana kwelikweli, na niko tayari kubadilishana kwa 10-18 iliyo nzima pamoja na nyongeza ya haki. Aje na kamera yake, tuijaribu ndani ya chumba.