Hita ya tanki dogo la samaki beta: ya kioo, ya bapa au ya USB?

Beta_Milimani
Wakubwa habari zenu. Nna beta mmoja dume, wa bluu, mapezi marefu, na siku hizi maji yamekuwa baridi mpaka anakaa chini tu kwenye mawe, chakula anakitazama halafu anageuka anaenda zake. Nimeambiwa ninunue hita ya kupasha maji. Duka moja Kampala wamenitumia picha za aina tatu: ya kioo yenye kitufe cha kuzungusha juu, ile bapa nyeusi ya plastiki isiyo na kitufe, na kadogo ka USB. Ya kioo ndiyo ghali kuliko zote. Kuna mtu wangu anapanda basi kesho kutwa nataka nimpe pesa. Nichukue ipi?

FundiStima
Tanki lita ngapi? Uko mji gani? Lina kifuniko? Umeme kwenu unakatikakatika? Umekuja kwa daktari unaomba dawa na hujasema unaumwa wapi.

Nalongo_Makindye
Mi najibu bila kungoja. Hita ya nini jamani? Beta wangu yuko sebuleni juu ya kabati, hana hita wala nini, namwekea majani makavu ya mti wa mkungu, maji yanakuwa rangi ya chai na yeye anang'aa tu. Hizo pesa nunua chakula kizuri.

MzeeBombo
Nalongo, maji yako umewahi kuyapima? Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, usiku nje inashuka mpaka nyuzi 17 hivi, ndani ya nyumba unapata 22, 23 ukiwa na bahati. Beta asili yake Thailand na majirani zake, vidimbwi na mashamba ya mpunga, maji ya vuguvugu. Anataka 24 mpaka 28. Kwenye 22 hafi, lakini anaishi nusu nusu.

Nalongo_Makindye
Mzee shikamoo. Ila wangu anajenga povu juu ya maji kila mara, mgonjwa gani anajenga nyumba?

MzeeBombo
Marahaba mama. Dume akishakomaa anajenga povu hata hali ikiwa mbaya, ndivyo alivyoumbwa. Usilifanye cheti cha afya. Nunua themomita, basi.

Beta_Milimani
Samahani sikusema, niko Kabale, nimehamishiwa huku milimani kikazi. Lita sijui, ni lile tanki la kioo la kawaida, dogo.

FundiStima
KABALE. Na ulikuwa unatuacha tubishane habari za Makindye. Chukua rula, pima urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, zidisha zote, gawa kwa 1,000.

Beta_Milimani
30 x 20 x 20. Inakuja 12. Kifuniko hakuna, nilikiacha Kampala.

MzeeBombo
Basi kabla ya hita tafuta kifuniko, hata kipande cha kioo kwa fundi madirisha, acha upenyo kidogo. Joto jingi linapotelea juu maji yakivukizwa. Halafu beta anapanda juu kuvuta hewa, na hewa ya Kabale saa kumi za usiku unaijua mwenyewe, mko zaidi ya mita 1,800 huko na nje inakaribia nyuzi 10.

Kijana_Mbarara
USB bro, usisumbuke. Mi nachomeka kwenye pawabenki, umeme ukiondoka samaki hajui. Nafuu, haina kioo cha kupasuka, na ukisafiri unabeba.

FundiStima
Hesabu ndogo tu ndugu yangu. USB ya kawaida ni volti 5 kwa ampea 2, wati 10. Pawabenki ya 10,000 mAh ina kama wati-saa 37, na zingine zinapotea njiani. Saa tatu imekwisha, na usiku una kumi na mbili. Mbarara kwenye kitanki cha lita 4 labda. Lita 12 Kabale ni kujifariji.

Toro_Mosi
Naomba niseme la hizi za kioo manake kila mtu anazisifu. Mi niko Fort Portal, na sisi baridi tunaijua. Nilikuwa na tanki la lita 15, beta mwekundu wa mkia nusu mwezi. Muuzaji (simtaji) akasema za wati 25 zimeisha, chukua hii ya 100, ati kubwa ndiyo nzuri, inapasha haraka halafu inajizima yenyewe, inapumzika. Na kweli miezi ya mwanzo ikawa hivyo, unaona kitaa chekundu kinawaka kidogo, kinazima, 26 pale pale. Sasa siku moja nimetoka kazini jioni, nafungua mlango naona kioo cha tanki kimetoka jasho mpaka huoni ndani, kitaa kinawaka, naingiza kidole nakitoa mbio. Themomita nyekundu imepanda imefika mwisho kabisa wa namba. Mosi wangu, mmea wa majini niliokuwa nimeufunga kwenye kigogo kwa uzi, ule wa kijani mzuri, umekuwa kahawia, ukiugusa unateleza kama mlenda. Samaki yuko juu ubavuni, mapezi yamejikunja, rangi imetoka. Nikazungusha kitufe mpaka chini kabisa, kitaa bado kinawaka! Nikachomoa. Siku ya pili naenda dukani ananiuliza kama niligusa kitufe. Ningegusaje na nilikuwa kazini?

Nalongo_Makindye
Banange. Pole sana dada. Ndiyo maana mi sitaki vitu vya kuchemsha ndani ya nyumba ya samaki.

FundiStima
Pole Toro. Kilichotokea ni hivi: ndani ya zile za bei ya chini mna ulimi wa metali mbili unaopinda kwa joto, unagusa na kuachia. Kila ukigusa kuna cheche kidogo, mwisho wake ncha zinagandana kama zimechomelewa na haziachii tena. Hilo linaweza kupata hita yoyote ya aina hiyo, tofauti ni wati. Wati 100 ndani ya lita 12 zikigoma kuzima, maji yanapanda karibu digrii 7 kwa saa mwanzoni. Wati 25 hazifiki 2 kwa saa, na nyumba yenyewe ikiwa baridi yatafika mahali yakwame. Unarudi unakuta samaki anahema, hajaiva. Kwa hiyo Beta_Milimani: ya kioo, wati 25, yenye themostati ya kuizima joto likitosha, basi.

MzeeBombo
Hapo sikubali. Wati moja kwa lita ni kanuni ya nyumba zenye joto. Kabale nyumba ya sakafu ya simenti asubuhi ina 16, anataka kupandisha digrii kumi. 25 itawaka usiku kucha bila kupumzika na isifike. 50.

FundiStima
Akifunika itafika. Mzee, 50 ni kumrudisha kwa Toro nusu njia.

MzeeBombo
Na 25 ni kumrudisha kwenye mawe.

Toro_Mosi
Mnaweza kubishana, mi siku hizi natumia ya 50 lakini imechomekwa kwenye themostati ya nje, kile kiboksi chenye waya mwembamba wa kuzamisha majini. Hita ikiganda kiboksi kinakata. Kilinigharimu kuliko hita yenyewe na sijuti.

Beta_Milimani
Na ile bapa? Mbona hakuna anayeisema, bei yake ndiyo inanivutia 😅

FundiStima
Nyingi za hizo hazina themostati kabisa. Zinaongeza digrii kadhaa juu ya joto la chumba, basi. Chumba kikiwa 16 samaki anapata labda 20, mchana jua likiingia dirishani anapata 28. Kila siku anapanda na kushuka, hapo ndipo ugonjwa wa vidoti vyeupe unaanza. Achana nayo.

Kijana_Mbarara
Mi nna anko Boston, naweza kuagiza ya huko original.

FundiStima
Soma ubavuni kwanza! Marekani ni volti 120, sisi 240. Ile ya wati 25 ukiichomeka hapa inavuta kama 100, ikikaa dakika chache bila kuungua umshukuru Mungu. Na adapta ya plagi haibadilishi volti, inabadilisha matundu tu.

Nalongo_Makindye
Na Yaka je, huu umeme wa kulipia kabla? Hakuna anayesema habari ya Yaka. Kitu kinawaka usiku kucha, yuniti zinakwenda wapi?

FundiStima
Wati 25 ikiwaka nusu ya siku ni yuniti 0.3. Mwezi yuniti 9. Pasi ya nguo inakula zaidi.

Beta_Milimani
Sawa, na umeme ukikatika? Huku ukiondoka saa mbili usiku unaweza kurudi asubuhi. Jirani kaniambia niweke sigiri ya makaa karibu na tanki.

MzeeBombo
USITHUBUTU. Sigiri ndani ya chumba kilichofungwa inaua watu, sio samaki tu. Gesi ya makaa haina harufu, mtu analala haamki. Zungushia tanki blanketi, jaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, funga vizuri, iache ielee. Ikipoa unabadilisha. Tanki dogo linapoa haraka lakini blanketi linakununulia muda.

Toro_Mosi
Na kabla ya kubadilisha maji chomoa, subiri kama robo saa, ndiyo upunguze. Kioo cha moto kikikutana na hewa kinapasuka. Waya nao uachie mkunjo uning'inie chini kuliko soketi, matone yaishie hapo.

Beta_Milimani
Asanteni sana. Nimepiga simu dukani, wanasema ya 25 waliyobaki nayo haina kitufe, imefungwa kwenye nyuzi 26. Ya 50 ina kitufe. Kiboksi cha nje hawakijui ni kitu gani.

FundiStima
Hiyo ya 26. Beta unataka kitufe cha nini?

MzeeBombo
50. Na themomita ya kioo, sio kile kistika cha kubandika nje, kile kinapima kioo cha tanki.

Kijana_Mbarara
Kwani akiongeza samaki guppy watatu humo si watapashana joto 😂

Nalongo_Makindye
We kijana. Toro, una mosi wa kuuza? Naweza kumtuma mtu wa basi Ijumaa, nipe bei ya kiganja kimoja.

Toro_Mosi
Upo mama, njoo inbox. Uje na kaveera, mfuko wa plastiki, yenye maji, usije na gazeti kama yule wa mwezi jana.