Filamu gani ya sayansi ya kubuni ndo baba lao? Barazani tumeshindwana

MwanaMkunazini

Assalam alaykum wana jukwaa. Nna suali na nataka majibu ya watu waloziona kweli hizi filamu, si waloona vipande TikTok. Jana baada ya isha tumekaa barazani tukaingia kwenye habari ya filamu za sayansi ya kubuni, hizi za roboti na vyombo vya angani na viumbe wa sayari nyengine, ipi ndo kubwa kuliko zote. Mie nkasema Interstellar ya 2014 na nkadhani maneno yamekwisha. Ami yangu, mtu mzima alokuwa akienda sinema enzi za Majestic na Empire, akacheka mpaka kahawa ikampalia, akasema nyie watoto mmezaliwa juzi mnafikiri na dunia imeanza juzi, kubwa yao ni 2001: A Space Odyssey, zilokuja nyuma zote zinafata nyayo.

Basi nkaitafuta nkaiangalia usiku ule ule. Jamani. Dakika kama 20 za mwanzo ni manyani tu, hakuna anaesema hata neno moja, wanagombania kidimbwi cha maji. Nkalala. Sasa nambieni, mie ndo sina akili au ami ananionea?

FundiRedio

Wa alaykum salaam. Mwanangu umeiangalia kwenye simu, tena kitandani, hapo ushamdhulumu mwenye filamu.

Sikiliza. Filamu ile imetoka 1968, Apollo 11 imetua mwezini Julai 1969. Yaani Stanley Kubrick katengeneza safari ya mwezini kabla hajaenda mtu, na hana kompyuta ya kumchorea picha hata moja. Lile pahala ndani ya chombo wanapokimbia mduara mzima, kichwa chini miguu juu, ni gurudumu la kweli walilolijenga Uingereza, upana wake mita 11 na ushei, linazungushwa zima zima na mtu yumo ndani anakimbia. Mie ni fundi, vitu kama hivo ndo vinanitoa machozi, mapenzi siyataki. Halafu kule nje ya chombo hakuna sauti kwa sababu angani hakuna hewa ya kubeba sauti. Filamu ngapi mpaka leo chombo kinaripuka angani unasikia BUUM? Karibu zote, na Star Wars ndo bingwa wao.

Na HAL jee? Hukufika kwa HAL wewe. Kompyuta haina uso, jicho jekundu tu, inazungumza kwa adabu kama karani wa posta wa zamani na huku inaua watu. Mtu yuko nje anaomba afunguliwe mlango, inamjibu taratibu kwamba samahani, haiwezi. Leo kila mtu ana kompyuta ya kuzungumza nae mfukoni, rudi kaangalie ile sehemu utaniambia.

Kipimo changu mie kimoja tu: iondoe filamu duniani halafu uone zipi zinaanguka. Ukiiondoa 2001, hiyo Interstellar yako haipo. Na mwenyewe Christopher Nolan, aloitengeneza hiyo Interstellar, anaisifu 2001 hadharani, si mie nnaesema.

NahodhaWaWete

Fundi nakuheshimu lakini hapo kwenye Interstellar nakupinga, tena kwa habari ya maji.

Mie nliiona nyumbani Wete na baba, na baba ni mvuvi, filamu hazimshughulishi, alikuwa anashona wavu tu pembeni. Ikafika ile sayari yenye maji ya magotini, wanashuka, mbali kule wanaona kama mlima, kumbe si mlima ni wimbi linakuja. Mie nkasema lo wimbi gani hilo bila upepo. Mzee akanyanyua kichwa akatizama, akasema hilo si wimbi, hilo bamvua. Akarudi kwenye wavu wake.

Na kasema kweli! Maana sayari ile iko karibu na shimo jeusi, na shimo lile linayavuta maji kama mwezi unavoyavuta ya kwetu. Hapa kimwezi chetu kidogo kile na kiko mbali, lakini bamvua likija maji yanapanda na kushuka mita nne, ngalawa asubuhi inaelea, mchana imekaa mchangani. Sasa badala ya mwezi weka kitu kizito mara milioni mia ya jua, utapata maji gani? Mlima. Alowaongoza kwenye hesabu ni Kip Thorne, mwanafizikia, na 2017 akapata Nobel kwa mambo ya mawimbi ya mvutano. Saa moja pale chini ni miaka saba duniani, na hiyo nayo si uongo wa sinema, ni hesabu za Einstein, penye mvutano mkubwa wakati unakwenda polepole. Yule baba anarudi chomboni anakuta ujumbe wa watoto wake wa miaka 23, mtoto wa kiume keshakuwa mtu mzima. Hapo mzee akaweka wavu chini kabisa. Alikuwa na ndugu yake alosafiri kwa meli miaka mingi, sikumuuliza kitu.

Manyani hawajamfanya baba aweke wavu chini 😂

BandaLaVideo

Nyie nyote wasomi. Terminator 2 basi. 1991. Yule askari wa chuma kinachoyeyuka anapita kwenye nondo za mlango halafu bastola inakwama, banda zima lilipiga kelele.

Ntawapa kisa. Unguja ule mwaka umeme ulokatika, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, tukawa tunaangalia kwa jenereta, tunachangishana petroli, alotoa pesa anakaa mbele, asotoa anasimama dirishani. Siku ya Terminator 2 watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Filamu yote inasema mashine zitatawala dunia, sawa, tunaogopa vizuri tu. Imefika mwisho kabisa, pale kwenye tanuri la chuma, yeye Schwarzenegger, yule roboti mwema, kashashika mnyororo anataka kuteremshwa, jenereta tuu tuu tuu ikazima. Petroli imekwisha. Mashine itawale dunia kwa petroli ya nani?

Mwisho wake nimekuja kuuona baada ya miaka minne. Nlilia na mie mkubwa na mke.

UkhtiVuga

Nimesoma nyote, na hakuna hata mmoja alotaja filamu yenye jina la Kiswahili. Mnaijua Pumzi? Ya 2009, ya Wanuri Kahiu, Mkenya. Haizidi nusu saa. Dunia imekwisha maji baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lilofungwa, jasho lako na mkojo wako vinasafishwa unakunywa tena, na ndoto zako zinazuiwa kwa vidonge. Msichana anafanya kazi makumbusho, jina lake Asha. Asha! Analetewa udongo haujui umetoka wapi, anautia mbegu inaota. Basi anatoroka na kile kimche akatafute pa kukipanda.

Mie hizo za angani nzuri, nnaziangalia, lakini mtu wa Unguja anaeamka saa nane za usiku kusikiliza bomba kama limeanza kutoa maji, akajaza madumu na ndoo na mpaka sufuria za pilau, kisha unambie kitisho ni shimo jeusi? Nlipomuona Asha anakinga jasho lake tone tone ampe mche, nliondoka nkaenda kufunga mfereji vizuri.

Na jengine, Nahodha na Fundi hamjui kwamba ndani ya yule mdudu wa Alien ya 1979 alokuwemo ni Mnaijeria, Bolaji Badejo, mwembamba mrefu zaidi ya mita mbili. Mdudu anaetisha kuliko wote katika sinema, na aliyemtembeza ni mtoto wa Lagos.

FundiRedio

Ukhti la Badejo nlikuwa silijui, ahsante. Pumzi nimeitafuta nimeiona leo dukani, mteja kangoja redio yake. Nzuri, tena nzuri sana, ila ni fupi, utaiwekaje mizani moja na filamu ya saa mbili na nusu?

UkhtiVuga

Kwani Fundi ile ya Georges Méliès ya 1902, ya roketi iloingia mwezi jichoni, si ya robo saa tu? Na nyie ndo mnayoiita mama yao wote. Au ufupi ni aibu ikiwa ya kwetu?

FundiRedio

Hapo umenibana. Nanyamaza.

NahodhaWaWete

Fundi ananyamaza?? Wekeni tarehe 😂

Na mie niongeze District 9, wadudu wa anga wameshukia Johannesburg badala ya New York na wakawekwa kambini kama watu walivowekwa enzi za makaburu. Nayo ya 2009. Kumbe mwaka ule tulipokuwa gizani Afrika ilikuwa ikitoa saifai, hizi hizi filamu za sayansi ya kubuni.

MwanaMkunazini

Jamani nimerudi. Nlikwenda kwa ami nikaiangalia 2001 kwenye tv yake kubwa, taa tumezima, simu kanipokonya kanitilia mfukoni mwake. Yule nyani anapourusha mfupa juu, ghafla umekuwa chombo cha angani, miaka milioni kadhaa imerukwa kwa kitu kama kupepesa jicho. Nlikuwa nishalala siku ile sikuiona. Na kwa HAL nliogopa, nakiri. Ila ule mwisho wa marangirangi na mtoto mchanga sijaufahamu na ami nae hajaufahamu, kila nikimuuliza anasema utakua utajua.

Kura yangu bado Interstellar, samahani ami, hasa baada ya maneno ya bamvua. Alkhamisi tunaweka shuka nyeupe barazani, projekta ya kuazima ipo. Tutaanza na Pumzi kwa sababu ni fupi, itakwisha kabla wazee hawajaanza kubishana. BandaLaVideo wewe usije na jenereta yako.

BandaLaVideo

Nakuja na petroli safari hii.